Uji Uliofunikwa Sahani

Asubuhi mlango wa Leonsia ulikuwa hauingiliki, na watu wa Igogo walimsema kwa hilo mpaka wakachoka. Ukifika wakati huo unamkuta ameketi kizingitini, ufagio mkononi, na ufagio wenyewe haufagii kitu. Ukipaza sauti anakuwekea kidole mdomoni. Umekuja kuazima chumvi, unasubiri. Umeleta habari ya msiba, unasubiri vilevile. Ndani, nyuma ya pazia la kitenge, mume wake Cleophace amekaa kwenye kigoda, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, macho ameyafumba. Mbele yake sakafuni kuna kikombe cha bati chenye uji wa moto, kimefunikwa sahani.

Hakuwa amelala na hakuwa akisali. Alikuwa akihesabu pumzi zake, moja mpaka kumi, akipotea anaanza tena. Uji ukipoa kiasi cha kunyweka anafumbua macho, anaondoa sahani, anakunywa, basi, siku yake imeanza. Hicho tu ndicho kilichokuwa kinawanyima watu usingizi mtaa mzima.

Aliyemfundisha ni Sista Eugenia wa zahanati ya misheni, mama mtu mzima wa kwao Kagera. Leonsia ndiye aliyempeleka, mwaka ule Cleophace aliporudi vitani kutoka Uganda. Alirudi na viungo vyake vyote, ila mikono ilikuwa haimsikii tena. Mfuniko wa sufuria ukianguka, mkono unaruka kabla mwenyewe hajajua. Siku moja uliruka ukatua mdomoni mwa Leonsia, jino la mbele likatoka, na Cleophace akalia kuliko aliyepigwa. Sista hakumpa vidonge, maana vidonge vyenyewe vilikuwa havipo.

“Utakaa kila siku,” alimwambia. “Muda mfupi tu. Ukijitia kukaa saa nzima utachoka uache. Uji unakunywa kila siku?”

“Ukipatikana, Sista.”

“Basi kaa muda wa kikombe kupoa. Nyumbani kabla ya uji, kazini saa ya chai. Usingoje mpaka hasira ije ndipo ukae, utakuwa umechelewa.”

“Niombe nini?”

“Usiombe kitu. Mungu anajua. Wewe kaa.”

Tangu hapo mkono haukuruka tena. Leonsia hakujali kama jambo lile lina jina au halina. Alijua kwamba baba Koku akikaa asubuhi, nyumba inalala salama, na kwa hiyo kizingiti alikilinda kama mtu anayelinda meno yake yaliyobaki. Hata Koku, binti yao wa miaka sita, alikuwa amezoea. Ndiye aliyefunika kikombe kwa sahani, akarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, akanong'ona kwa wenzake waliokuwa wanacheza uani: “Nyamazeni, baba anatulia.”

*

Siku yenyewe ilikuja sukari.

Miezi mizima ilikuwa haijaonekana, na ilipokuja ilikuja kupitia kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Chenge, Msukuma wa Magu, mtu mwema kwa njia yake, ila alikuwa hawezi kuona jambo la mtu akaliacha likapita. Mzee Chenge aliamua kugawa sukari kwenye kibaraza cha Leonsia kwa sababu kilikuwa cha saruji. Hakuomba. Jua halijapanda vizuri, wanawake walishajaa uani na mabakuli yao, wanasukumana, wanatukanana kwa mafumbo, mizani inagongwa, Mzee Chenge anapiga kelele kwamba kila mtu atapata na huku anajua wazi kwamba hawatapata wote.

Katikati ya vurugu hiyo Cleophace akarudi kutoka kiwandani. Alikuwa zamu ya usiku kwenye mashine za kufuma. Nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi, macho mekundu. Mtu akaangusha bakuli la bati, likalia kwenye saruji. Leonsia akamwona mumewe anavyokaza taya, na vidole vinavyojikunja.

“Leo hapa hapakaliki,” akamwambia, akimvuta pembeni. “Nenda pale jiweni nyuma ukatulie. Koku atakuletea uji. Ukirudi watakuwa wameondoka.”

“Na usingizi?”

“Utalala. Vua hilo shati nilitie kwenye maji, linanuka mafuta ya mashine.”

Cleophace akavua shati, akabaki na fulana, akapanda mawe kuelekea lile kubwa la juu ambako mtu akikaa analiona ziwa lote na bandari upande wa chini. Leonsia akatumbukiza shati kwenye karai. Sasa hebu yatazame mambo hayo mawili. Mke anamtafutia mume pa kutulia, mke anamfulia mume shati. Ni mapenzi matupu. Na ndiyo yaliyompandisha Cleophace kwenye lori, maana kitambulisho chake cha kazi kilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, na serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi, asiye na kazi akamatwe apelekwe kijijini akalime. Maneno mazuri kabisa. Shida ilikuwa moja tu, kwamba waliopewa kuyatimiza walikuwa mgambo wenye fimbo, na mgambo akimwona mtu amekaa haoni zaidi ya hapo.

Walimkuta wawili. Wakamwita kutoka chini, hakuitikia, alikuwa kwenye hesabu yake. Wakapanda. Mmoja akamchoma ubavuni kwa fimbo.

Hapo ndipo ningependa Sista Eugenia angekuwapo aone kazi yake. Mtu aliyetoka vitani, aliyemtoa mkewe jino kwa sababu ya mfuniko wa sufuria, anachomwa fimbo ubavuni akiwa amefumba macho! Cleophace akafumbua macho polepole, akawatazama, akasimama. Mikono ilibaki mahali pake.

“Unafanya nini hapa?”

“Nimekaa.”

“Umekaa unafanya nini?”

“Nimekaa tu.”

Wakatazamana. Mwezi mzima walikuwa wamesikia uongo wa kila namna. Huyu amesema anangoja mjomba, yule amesema ametumwa dawa, mwingine ameanza kukimbia. Huyu ndiye wa kwanza kukiri kosa lenyewe kwa mdomo wake. Kama angerusha ngumi wangemwelewa vizuri zaidi.

Koku alifika jiweni na kikombe chake kimefunikwa sahani, akaona mgongo wa baba yake unashuka upande wa pili kati ya fimbo mbili. Alirudi nyumbani hajamwaga hata tone. “Mama,” akasema mbele ya foleni nzima ya sukari, “baba wamemchukua hajanywa uji.”

*

Leonsia alikimbia na kitambulisho kinachodondosha maji. Sukari aliiacha hapohapo, zamu yake ikaliwa na mwingine.

Ofisi ya kata ilikuwa imejaa. Kwenye ukumbi wanaume walikuwa wamekalishwa chini, wamevuliwa viatu na mikanda, na Cleophace alikuwa wa pili kutoka mlangoni, fulana yake imetoboka kwapani. Leonsia hakumtazama sana. Aliona akimtazama atalia, na akilia hatasikilizwa. Nje lori lilikuwa limeshajazwa mafuta. Lilikuwa linangoja saa ya mchana kwenda kivukoni Busisi, na ng'ambo kule ni vijiji ambavyo mtu alipelekwa bila kuulizwa ana watoto wangapi.

Katibu kata, Ndugu Msafiri, alikuwa kijana mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi. Leonsia akapiga magoti kumsalimu, kama alivyofundishwa kwao.

“Inuka, mama,” Katibu akasema. “Hapa hakuna mabwana, sote ndugu.”

Leonsia akainuka. Kiti hakukuwa na cha pili, na hakuna ndugu aliyemtafutia. Akabaki amesimama muda wote.

“Kitambulisho.”

Akakiweka mezani. Picha ilikuwa imevimba, muhuri umechuruzika zambarau usoni.

“Huyu ni nani? Mimi naona wino tu.”

“Ni yeye, Ndugu Katibu. Shati lilikuwa kwenye maji.”

“Siku hizi mnafua vitambulisho?”

Mgambo wakacheka. Leonsia naye akacheka, mkono mdomoni kuficha pengo, maana mwenye shida hucheka wenye ofisi wanapocheka.

Katibu akapiga simu kiwandani. Ikakatika. Akapiga tena. Akasikiliza, akaitikia “ehe, ehe,” na kila “ehe” ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Mzee Chenge alikuwa ameshafika, ameketi dirishani kama shahidi, unga wa sukari bado uko kwenye mikono yake.

“Kazi anayo,” Katibu akasema alipoweka simu. “Kwa hilo amepona. Lakini naambiwa ana onyo. Alikutwa nyuma ya marobota ya pamba saa ya chai, amefumba macho. Kuulizwa, eti amekaa tu. Leo yuko juu ya jiwe, ameelekea bandarini, amefumba macho. Kuulizwa, amekaa tu. Mama, mwanamume mzima hakai tu. Alikuwa anafanya nini?”

“Anatulia, Ndugu Katibu.”

“Anatulia kutokana na nini?”

“Anapumua. Anahesabu pumzi.”

Kicheko kingine. Mmoja wa mgambo akaanza kuhesabu pumzi kwa sauti, moja, mbili, akapiga chafya kwa makusudi, wenzake wakashika mbavu.

“Sista ndiye aliyemfundisha,” Leonsia akaendelea. “Sista Eugenia wa zahanati.”

“Aa. Kumbe ni dini.”

“Si dini. Haombi kitu.”

“Sista amfundishe mtu kitu ambacho si dini? Huyo sista yuko wapi atueleze?”

“Alihamishwa. Amerudi Bukoba.”

Katibu akamgeukia Mzee Chenge. Mzee akakohoa. “Mimi Mama Koku sina ubaya na mumeo hata kidogo. Ndiyo, nilitoa habari kwamba kuna mtu wangu anafumba macho kila siku na mkewe anazuia mlango. Sasa wewe ungekuwa balozi ungefanyaje? Mtu akinywa najua anakunywa. Akipiga mke nasikia. Huyu sisikii kitu! Nikiulizwa nitasema nini?”

“Au ni mgonjwa?” Katibu akauliza. “Wa kichwa? Kama ni mgonjwa, sema. Tutaandika, kiwanda kitajulishwa, apelekwe akapimwe.”

Leonsia akalipima neno hilo. Mgonjwa wa kichwa nani angemwacha karibu na mashine? Wangemtoa siku hiyohiyo. Mume angemwaga unga, chumba cha Igogo kingekwenda, wangerudi kijijini kwa mashemeji kula ndizi za watu kwa masimango. Akigeuka ukumbini aliona miguu ya Cleophace isiyo na viatu. Nje dereva aliwasha lori kulijaribu, moshi ukaingia ofisini.

Katibu akapiga miayo. Alikuwa na watu wengi wa kumaliza kabla ya mchana. Akaegemea mbele, akashusha sauti, akawa hata na huruma kidogo.

“Au aliutwika, mama? Sema tu. Sisi ni watu wazima.”

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Cleophace hakuwahi kunywa pombe maisha yake yote, hata ile ya ndizi ya kwao ambayo watoto hulambishwa. Leonsia akatazama sakafu.

“Ndiyo,” akasema. “Alikuwa amelewa.”

Ungeona ofisi nzima ilivyopumua! Katibu akafunga kalamu yake. Mgambo wakapoa nyuso. Mzee Chenge akapiga paja lake kwa furaha, kama mtu aliyeletewa mbuzi wake aliyepotea. “Si ungesema toka mwanzo, Mama Koku! Sisi tunahangaika, kumbe ni mtungi!”

“Mbona hanuki?” mgambo mmoja akauliza.

“Wanzuki ya jana hainuki,” Mzee Chenge akamjibu, mjuzi. “Inabaki kwenye macho.”

Cleophace akaitwa ndani. Akasimama ameshika suruali isianguke, mkanda bado uko kwenye lundo kule ukumbini.

“Mkeo anasema ulikuwa umelewa,” Katibu akamwambia. “Kweli?”

Alikuwa amesikia yote, mlango ulikuwa wazi. Alimtazama Leonsia, na Leonsia aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

“Mke wangu hasemi uongo,” akasema.

“Nje ya saa za kazi, pombe ni mambo yako na tumbo lako. Ila Jumamosi utasimama mbele ya nyumba zako kumi, uwaombe radhi wenzako, uahidi kupunguza. Chukua mkanda wako.”

*

Walirudi kwa miguu, yeye mbele, mke nyuma. Walipofika kwenye mawe Cleophace akasimama.

“Umesema nimelewa.”

“Nilisema hivyo ili ulale kwako leo. Ulitaka niseme nini? Lori lilikuwa limewaka!”

“Ungesema naumwa.”

“Wakufukuze?”

“Ungeendelea kusema ukweli.”

“Niliusema, baba Koku. Uliwasikia walivyoucheka.”

Baadaye, walipokuwa wameshaliona paa lao, akasema kwa sauti ndogo, “Babangu alikufa hajaonja. Na mimi Jumamosi nitaahidi mbele ya watu kupunguza.”

Jumamosi akasimama kwenye kibaraza chake mwenyewe, mbele ya nyumba kumi, akaomba radhi kwa ulevi. Mzee Chenge alitoa hotuba juu ya pombe, na midomo yake ilikuwa inanuka pombe. Wanawake walijifunika kanga kuficha vicheko. Mwanabaraka, jirani wa mlango wa pili aliyekaanga vitumbua, ndiye peke yake asiyecheka. Mkutano ulipokwisha akamfuata Leonsia jikoni.

“Mimi ukuta wangu na wako ni mmoja,” akasema. “Mumeo akinywa ningejua. Kwa nini umemvika mzigo huu, shoga yangu?”

“Nilimtoa kwenye lori, Mwanabaraka. Wewe ungefanyaje?”

Mwanabaraka akafikiri, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kiwandani habari ilitangulia kufika. Msimamizi wa zamu, aliyemwandikia onyo, alikuja mwenyewe mpaka kwenye mashine, akamtia kibao cha mgongo cha urafiki. “Kumbe ulikuwa unalala pombe nyuma ya marobota! Sisi tulidhani una mambo mengine, watu walishaanza kukuogopa. Ungesema, bwana!” Na wenzake, ambao kwa miaka walikunywa chai upande mmoja na yeye upande mwingine, walianza kumwita jina, kumtania, kumwekea nafasi kwenye benchi. Inauma kusema, lakini alifurahi. Mtu ni mtu, na miaka ya kutazamwa pembeni ni mingi.

Ila saa ya chai ikawa haikaliki tena. Akienda nyuma ya marobota mtu atapita na kusema, “Mwacheni apunguze stimu.” Nyumbani nako Leonsia alirudi kizingitini na ufagio wake, lakini sasa watoto wa uani walichungulia pazia, na Mzee Chenge, aliyejipa kazi ya kumlea, alifika kila asubuhi kupiga hodi.

“Hodi! Mlevi wangu ameamka?”

“Anatulia, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Anatulia, ehe? Ya jana au ya leo?” Na huyo anacheka mpaka kwenye kigoda, na Cleophace anafumbua macho kabla hajafika hata pumzi ya tatu.

Alijaribu. Tuseme haki, alijaribu sana. Alijaribu kabla jua halijatoka, alijaribu chooni, alijaribu njiani amesimama. Alipofumba macho alimsikia mkewe anasema “ndiyo, alikuwa amelewa,” na hesabu ikampotea. Uji ulipoa, ukaweka utando juu, akaunywa akiwa na hasira ileile aliyoanza nayo. Siku nyingine akaondoka bila kuunywa.

Leonsia alishika njia mpaka kwa Mzee Chenge. Akapiga magoti, na huyu hakumwinua.

“Mzee, nilisema uongo pale ofisini. Hanywi. Hajawahi. Naomba usije asubuhi, mwache akae.”

Mzee Chenge akamtazama kwa huruma ya kweli. “Mama Koku, kila mwanamke wa mlevi husema hivyo hivyo. Nenda nyumbani. Wanaume wanakunywa, si jambo la kufichana. Sasa mumeo tunamwelewa, na ni mtu wetu.”

Siku ya mshahara wenzake wa zamu walimpitisha kwenye kilabu cha wanzuki. Walikuwa wamemwomba mara nyingi. Mtu akamsukumia kopo, akasema, “Wewe ni wa siku nyingi, usituonee haya.” Cleophace alilitazama lile kopo muda mrefu. Hatia alikuwa ameshabeba, radhi alikuwa ameshaomba, ahadi alikuwa ameshatoa. Kilichobaki ni kuonja tu. Akanywa, na kichwa kikanyamaza. Akanywa tena. Hakuna aliyekuja kumwuliza anafanya nini.

*

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha, na Leonsia alikuwa anapika uji wa jioni ndani kwa sababu jiko la nje lilikuwa limelowa. Miezi ilikuwa imepita. Cleophace aliingia akishika ukuta. Hakuwa na ugomvi na mtu. Leonsia akageuka na sufuria apishe njia, mfuniko ukateleza, ukaanguka sakafuni.

Mkono uliruka.

Koku aliona mama yake anakwenda chini taratibu, mgongo ukiteleza ukutani, mpaka akakaa. Sufuria haikumwagika yote. Leonsia akapeleka vidole mdomoni, akavitoa vina damu, na kati yake kulikuwa na jino. Hakupiga kelele. Miaka minne ya vikombe vya uji ilikuwa kwenye kiganja chake, na aliifumba ngumi ili mtoto asione.

Cleophace akatazama mkono wake mwenyewe. Midomo ikamcheza kama mtu anayetaka kuanza kuhesabu, “moja,” akasema, “moja,” hakufika mbili. Akajirudisha nyuma mpaka kwenye kigoda, akakaa, mikono ikaangukia mapajani, kichwa kikainama. Macho yakajifumba. Akaanza kukoroma.

Kisha Koku akanyanyuka. Akachota uji uliobaki kwenye sufuria, akautia kwenye kikombe cha bati, akakiweka sakafuni mbele ya baba yake, akakifunika sahani. Akarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole. Akachukua ufagio, akaenda kuketi kizingitini, miguu ameikunja.

“Koku,” Leonsia akaita, na kwa lile pengo jipya sauti ilitoka ya mtu mwingine. “Njoo, mwanangu. Acha.”

“Nyamaza, mama,” Koku akanong'ona. “Baba anatulia.”

Hatua zikasikika uani. Alikuwa Mzee Chenge, anapita kwenye nyumba zake kumi kutangaza kwamba kuna tetesi za sukari. Akafungua mdomo kupiga hodi, akamkuta mtoto amemwekea kidole.

“Shikamoo, babu. Usipige kelele.”

Mzee akachungulia juu ya kichwa cha mtoto. Gizagiza la ndani lilimficha Leonsia pale chini ukutani, na Leonsia hakuita, maana angesema nini, na kwa mdomo gani? Mzee Chenge aliona kigoda, kikombe na mwanamume aliyefumba macho. Uso wake ukalainika. Akatikisa kichwa kwa kuelewa, akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono.

“Haya. Mwacheni apumzike, masikini.”

Akageuka, akavuka ua akinyanyua ndala zake zisipige saruji, na njiani akawanyamazisha watoto waliokuwa wanacheza kwenye madimbwi. Ua mzima ukanyamaza. Katika miaka yote ya Igogo, ndiyo siku ya kwanza majirani wenyewe walipomwacha Cleophace akakaa mpaka uji ukapoa.